Kitabu chetu tulikigawa kama samaki

Kitabu cha mwanzo nilichoandika na wenzangu kilituvunja. Tulikuwa sita, hapa Wete, Pemba, tukatunga mwongozo wa kutengeneza kompyuta. Kuhusu pesa tulisema neno moja tu: "Tutaelewana." Wawili tuliandika sura saba, mwengine akaandika dibaji peke yake, na jina lake likatangulia kwenye jalada kwa kuwa ndiye mkubwa. Siku ya kugawana kila mtu alitaka sawa kwa sawa. Yupo mmoja ambaye mpaka leo tukikutana msikitini salamu yake ni ya kusukumwa.

Cha pili, cha kutengeneza mashine za boti, nilikianza na pesa. Tulikuwa watatu: fundi, ambaye hana mapenzi na kalamu, mimi, wa kumsikiliza na kuandika, na kijana wa kuchora. Mtaji aliutoa ami yangu. Nikapendekeza tulipane kwa ukurasa. Fundi akacheka.

"Maalim, mie sina hata ukurasa mmoja. Nitakula nini?"

Kisha akanikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama za mafuta na barafu. Kinachobaki hupigwa mafungu: la chombo, la nyavu, ya mabaharia, na nahodha huzidishiwa. Hakuna anayekaa kuhesabu nani kavuta kamba mara ngapi.

Tukafanya mafungu 10. Fundi 4, mimi 3, mchoraji 2, mtaji 1. Ami alitaka aahidiwe laki mbili za faida, kitabu kiuzike kisiuzike. Sheikh wetu wa madrasa akamkatalia: hii ni mudharaba, mwenye mali hukubaliana sehemu ya faida, hawekewi kiasi maalumu, na hasara ikitokea bila ya uzembe wetu, yeye hupoteza mali na sisi tunapoteza jasho. Ami alinuna siku mbili, akakubali.

Sasa hesabu zenyewe, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Nakala 300 zilichapwa Dar es Salaam kwa 1,650,000, na usafiri mpaka Pemba ukala 90,000. Bei ya dukani 10,000, mwenye duka anabaki na 2,000, kwetu inaingia 8,000. Gawa 1,740,000 kwa 8,000: nakala ya 218 ndiyo ya kwanza kuleta faida. Nakala 20 tuliwapa mafundi bure, 280 zikauzwa, zikaingia 2,240,000. Ukitoa gharama imebaki laki tano. Fungu moja, 50,000. Mwandikie kila mwenzako hesabu hii kabla ya sura ya kwanza, ili anayetafuta utajiri aondoke mapema na kwa heri.

Kulipana kwa ukurasa kuna ila nyengine niliyoijua baadaye. Kitabu chetu kilifika kurasa 101, na mchapaji anakunja karatasi kwa kurasa 16: ama 96, ama 112. Ilibidi kurasa tano zitoke. Tungelilipana kwa ukurasa, nani angelitoa zake? Tulikata maneno yangu, porojo za historia ya mashine, na wala sikuumia. Sura fupi kuliko zote, ya mashine iliyozama, ina kurasa tatu, na ndiyo inayokiuza kitabu. Fundi aliisema huku anafungua plagi: "Ukiitoa baharini ioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, papo hapo. Usiiache ikauke. Chumvi ikishapata hewa inaila."

Mkataba tuliuandika kwa mkono, karatasi mbili, mashahidi wawili. Si kwa kutoaminiana. Hakimiliki hulinda maneno yalivyotungwa, hailindi ujuzi wenyewe, kwa hiyo bila ya karatasi ile fundi angeliweza kuonekana hana chake, na mimi niliyemnukuu nikawa mwenye kitabu. Kumbuka pia Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na ofisi yake. Usichukue fomu za Bara ukadhani umemaliza. Na andikeni nani anarithi. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, na mkataba huo unataka haki za mtunzi zidumu angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Mafungu ya fundi yataingia kwenye mirathi kama minazi yake.

Faili liwe na mshikaji mmoja. Sisi tuliwahi kuwa na "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli" kwenye simu tatu, na mchoraji akachorea ile siyo.

Jambo moja tulilisahau: chapa ya pili. Mashine za mipigo minne zimeongezeka, na fundi wetu anajua zaidi zile za kuchanganya oili na petroli. Anayezijua za mipigo minne yuko mji wa Mkoani, hapa hapa Pemba, na yuko tayari. Mafungu ni yale yale 10, sasa lake litatoka kwa nani? Tumepanga kukaa baada ya Idi. Mchoraji ameshaniambia mapema kwamba ya kwake mawili hayaguswi.