Maswali yenu: kubadili jina unapoomba uraia wa Marekani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sehemu moja ya fomu N-400, fomu ya kuomba uraia, ile inayouliza kama ungependa kubadili jina lako kisheria. Wengi mnaijaza haraka, kisha mnaniandikia mkiwa mmeshakwama. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Je, ni lazima kubadili jina ukiapishwa? (Msomaji, Texas)

Hapana. Fomu yenyewe inasema ni hiari. Soma fomu kabla ya kuijaza.

Nimeomba jina jipya kwenye N-400. Afisa atanibadilishia siku ya usaili? Kuna malipo? (Msomaji, Columbus)

Afisa hana mamlaka hayo, na idara nzima ya uhamiaji, USCIS, haina. Anayebadili jina ni jaji. Sheria ya uhamiaji, kifungu cha 336(e), inaipa mahakama ruhusa ya kubadili jina la mwombaji wakati inapomwapisha, tena kwa hiari ya mahakama. Siku ya usaili afisa huandaa ombi kwenye fomu N-662, nawe unalisaini mbele yake. Ombi hupelekwa mahakamani, jaji hulikubali siku ya kiapo, na cheti cha uraia hutoka kwa jina jipya. Unaondoka na vitu viwili: cheti, na nakala ya ombi yenye muhuri wa mahakama. Nakala hiyo ndiyo ushahidi pekee unaounganisha jina la zamani na jipya. Wapo wanaoitupa pamoja na bahasha, na miaka mitano baadaye wanaanza kuandikia mahakama wakitafuta nyingine.

Malipo ya ziada hakuna. Ada ya N-400 tangu Aprili 2024 ni dola 710 ukiomba mtandaoni na 760 kwa karatasi, na kubadili jina hakuongezi hata senti. Ukienda mahakama ya jimbo utalipa. California ada ni kati ya dola 435 na 450, na ombi lazima litangazwe gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki 4. Mahakama ya kiraia ya Jiji la New York hutoza dola 65.

Gharama ya njia ya N-400 ni muda. Kiapo kinachoendeshwa na USCIS wenyewe hakiwezi kubeba ombi la jina, kwa hiyo ni lazima usubiri kiapo cha mahakama. Hata kama ofisi yenu huwaapisha watu siku ileile ya usaili, wewe utarudi nyumbani kungoja tarehe, na mahakama nyingine haziapishi watu mara nyingi. Kama una mama unayetaka kumwombea aje, au kazi inayodai uraia, mwambie afisa unaondoa ombi la jina, apa haraka, kisha nenda mahakama ya jimbo baadaye. Kama huna haraka, ombi la kwenye N-400 ni rahisi na halina gharama. Ila litazame herufi kwa herufi kabla ya kusaini. Afisa ameliandika kwa kuchapa, na kosa lake la herufi moja likishasainiwa na jaji linakuwa jina lako.

Nimeolewa mwaka jana, nataka jina la mume wangu kwenye cheti. Nimeshajaza sehemu ya kubadili jina. Nimekosea? (Mama wa wawili, Minneapolis)

Umejiongezea safari, dada. Cheti cha ndoa kinatosha. Ukitumia jina la mume, liandike kwenye nafasi ya jina lako la sasa, jina la kuzaliwa liandike kwenye majina mengine, na uambatanishe cheti cha ndoa. Kikiwa cha Kiswahili au Kifaransa, kitafsiriwe chote kwa Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwa saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo. Siku ya usaili mwambie afisa huhitaji ombi la mahakama, ili usipangiwe kiapo cha jaji bila sababu.

Kwa waliotalikiwa: hukumu ya talaka iwe imetaja kwamba unarudishiwa jina lako la awali. Isipotaja, unahitaji amri nyingine. Na anayeoa au kuolewa kati ya usaili na kiapo, barua ya mwito wa kiapo, N-445, inauliza hilo waziwazi. Wajulishe kabla ya siku yenyewe, kwa sababu cheti huchapwa mapema.

Jina langu la nyumbani, la ubatizo na la mtaani, yote niyaandike? (Msomaji, Arizona)

Yote.

Swali hili huja kila mara, na kila mara likiwa na nia ya kuacha moja nje. Fomu inaomba majina yote uliyowahi kutumia tangu kuzaliwa, pamoja na ya utani. Jina la kambini, tahajia ya Kifaransa, jina lililokosewa kwenye leseni ya kwanza, yaandike. Jina lililoandikwa halimletei mtu shida. Linalokutwa kwenye faili la zamani huku wewe umelinyamazia ndilo linalomfanya afisa asimamishe usaili na kuanza kuuliza upya kila ulichosema.

Mimi ni Juma Hamisi Bakari, mwanangu ni Ali Juma Hamisi. Shuleni wanasema hatuna jina moja la ukoo. Naweza kutumia N-400 yangu kuiweka familia nzima chini ya Bakari? (Baba, Kentucky)

Ndugu yangu, N-400 yako inabadili jina lako peke yako. Mkeo ana N-400 yake na ombi lake. Watoto hawamo kabisa.

Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), anayeishi nawe hapa chini ya malezi yako kisheria, anakuwa raia pale unapoapa. Ni sheria iliyoanza kutumika 27 Februari 2001. Hajazi N-400 wala haapi, kwa hiyo hana ombi la kumpelekea jaji wa kiapo. Njia yake ni mahakama ya jimbo, na kwa kawaida mzazi mwenzako atatakiwa akubali au apewe taarifa rasmi. Mlioachana na mama wa mtoto msifikirie kulifanya hili kimyakimya.

Utaratibu una maana hapa kwa sababu kila hati inalipiwa. Pata kwanza amri ya mahakama ya jimbo, ndipo uombe pasipoti ya mtoto. Kwa aliye chini ya miaka 16 ni dola 135, na wazazi wote wawili wafike, au asiyefika atoe idhini iliyothibitishwa na mthibitishaji wa saini. Ukianza na pasipoti kwa jina la zamani unaweza kulipa mara mbili. Cheti cha mtoto cha uraia, kwa fomu N-600, ni dola 1,335 mtandaoni au 1,385 kwa karatasi. Ni fedha nyingi, lakini pasipoti ya mtoto huisha baada ya miaka 5 na cheti hakiishi. Zikipatikana, kichukue.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Cheti cha kuzaliwa cha Ali kinakutaja kwa jina la zamani. Ukibadili lako, kuanzia siku hiyo lazima uthibitishe kwamba baba wa kwenye cheti ni wewe, na ushahidi ni ile nakala yenye muhuri niliyoitaja juu. Kwa maoni yangu, kama shida ni maneno ya shuleni tu, acheni majina yenu. Kumwita mtoto kwa jina la baba na babu si kosa linalohitaji jaji, na shule inaweza kuonyeshwa cheti cha kuzaliwa.

Grinikadi yangu imeandikwa FNU kwenye jina la kwanza. Kazini wananiita "Funu". Nifanyeje? (Msomaji, Dallas)

FNU maana yake jina la kwanza halijulikani. Pasipoti ikiwa na jina moja tu, viza ya Marekani huliweka jina hilo kwenye nafasi ya ukoo, na nafasi ya jina la kwanza hujazwa herufi hizo. Zinahamia kwenye grinikadi, kisha leseni, kisha mshahara.

Wewe ndiye hasa mtu ambaye sehemu ile ya N-400 inamfaa. Jina la sasa lijaze lilivyo kwenye hati zako, usiliunde palepale. Jina kamili unalolitaka liandike kwenye nafasi ya jina jipya, na umkumbushe afisa siku ya usaili. Huna haja ya kubadili grinikadi kwanza, kwa kuwa utaikabidhi siku ya kiapo. Ikiwa inakaribia kuisha muda, risiti ya N-400 huongeza uhalali wake kwa miezi 24.

Nilikuja kama mkimbizi kwa jina la binamu yangu aliyefariki kambini. Sasa nataka kutumia N-400 kurudisha jina langu halisi. Aliyenijazia fomu anasema ni jambo dogo. (Jina na mahali nimeviacha)

Usipeleke fomu hiyo. Kama hujaituma, isimamishe leo.

Kubadili jina ni mtu yuleyule kuchukua jina jipya. Ulilonieleza ni utambulisho wa mtu mwingine, na chini yake kuna swali ambalo afisa lazima alijibu kabla ya yote: je, ulipata ukaazi wa kudumu kihalali? Sheria haimpi uraia mtu ambaye ukaazi wake haukuwa halali tangu mwanzo. N-400 inaweza kufungua faili lote la ukimbizi, na badala ya kiapo ukaitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Ukikaa kimya ukaapishwa, hauko salama vilevile. Serikali inaweza kufungua kesi ya kukuvua uraia uliopatikana kwa kuficha jambo la msingi, na kesi ya madai ya namna hiyo haina ukomo wa miaka. Mwaka 2016 mkaguzi wa Wizara ya Usalama wa Ndani alitoa ripoti kwamba watu wasiopungua 858 waliokwisha kuamriwa kuondoka nchini chini ya jina jingine walipewa uraia, kwa kuwa alama zao za vidole hazikuwemo kwenye kumbukumbu za kompyuta. Alama za zamani zimekuwa zikilinganishwa na mpya, na kesi zikafuata. Vidole vyako ni vilevile vya kambini.

Milango haijafungwa yote. Sheria ina misamaha kwa baadhi ya watu waliopotosha ukweli walipoingia, hasa wakimbizi na wenye mzazi, mwenzi au mtoto ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu. Lakini kila msamaha una masharti na wakati wake wa kuombwa, na hiyo ni kazi ya wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria.

Huyo aliyekujazia, je, amesaini kwenye sehemu ya mwandaaji wa fomu? Sheria inamtaka asaini. Wengi hawasaini, wanachukua fedha, na mbele ya afisa unabaki wewe na kiapo chako kwamba kila kilichoandikwa ni kweli. Anayekwambia jambo kama hili ni dogo anacheza na maisha yako.

Naweza pia kurekebisha tarehe ya kuzaliwa? Tulipewa wote 1 Januari. (Msomaji, Idaho)

Ombi la jina halihusu tarehe. Ukiwa na cheti halali cha kuzaliwa, kilete kabla ya kiapo na umweleze afisa kwenye usaili. Baada ya kiapo, kanuni zinakataa kubadili cheti kwa madai kwamba tarehe uliyoitaja mwenyewe haikuwa ya kweli. Kosa la uchapaji la USCIS ni jambo jingine, hilo hurekebishwa bila ada.

Jaji wa Marekani akinibadilishia jina, kitambulisho changu cha Kenya kimebadilika pia? (Msomaji, Seattle)

Hakijabadilika. Kenya ina utaratibu wake: hati ya kubadili jina inasajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Katiba ya 2010 inakuruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo usipolimaliza hili utakuwa na pasipoti mbili zenye majina mawili na maswali kila mpaka. Kwa Mtanzania mtu mzima jambo ni zito zaidi. Anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania, hata kama jina limebaki lilelile.

Naapa mwezi ujao na jina jipya, na siku nne baadaye nina safari ya Nairobi. Tiketi niikate kwa jina gani? (Msomaji, Atlanta)

Ahirisha safari. Siku ya kiapo grinikadi inachukuliwa, na cheti cha uraia si hati ya kusafiria. Huna utakachowaonyesha kwenye ndege ya kurudi.

Kabla ya kutoka ukumbini soma cheti: jina, tarehe, nchi, namba. Kosa likionekana palepale ni rahisi kushughulikiwa kuliko likionekana nyumbani. Kisaini kwa jina jipya. Kisha omba pasipoti kwa fomu DS-11, dola 165 kwa mtu mzima, ukiambatanisha cheti chenyewe, ambacho kitarudishwa kwa posta. Piga nakala kabla ya kukituma. Ukihitaji pasipoti haraka, lipa dola 60 zaidi.

Nenda ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii) baada ya siku 10 hivi tangu kiapo, ili kumbukumbu ziwe zimefika. Kadi mpya ni bure. Fanya hivyo kabla ya leseni na benki, kwa sababu ofisi za leseni hulinganisha jina na kumbukumbu za Social Security, na mamlaka ya kodi pia hukagua kama jina kwenye ritani linalingana nazo. Mwajiri mpe jina jipya baada ya hapo. Tiketi ikate ukishaishika pasipoti mkononi, kwa jina lililochapwa humo.