Presha ya kitandani si presha ya kusimama: maswali ya wanaouguza wazee

Maswali haya yametoka kwa watu wa Lamu na Malindi wenye wazee wao wodini, au waliowatoa juzi. Yote yanahusu presha kushuka ghafla mgonjwa anapoinuka.

Mama ana miaka 78, amelazwa siku ya tano kwa nimonia. Kila asubuhi presha ni 138 kwa 80, naambiwa iko sawa. Lakini akisimama anaona giza. Ni udhaifu tu? (Langoni, Lamu)

Hiyo 138 kwa 80 ni presha ya mama akiwa amelala. Haisemi lolote juu ya mama akiwa wima. Mtu akisimama, nusu lita hadi lita nzima ya damu huteremkia tumboni na miguuni. Kijana hasikii kitu, kwa sababu mishipa yake hujibana papo hapo na moyo huongeza mapigo. Kwa mzee kazi hiyo huchelewa. Ongeza hapo homa, jasho, maji asiyokunywa na siku tano za kulala: damu imepungua, misuli ya miguu imelegea, na ubongo unakosa damu ya kutosha. Ndilo hilo giza.

Mwombe nesi ampime hivi, asubuhi kabla ya chai, maana ndio wakati mbaya zaidi. Mama alale chali dakika 5, apimwe presha na mapigo. Asimame huku ameshikwa, apimwe dakika ya 1 na dakika ya 3. Mkono uegemezwe usawa wa moyo; ukining'inia, namba hupanda kwa uongo. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, basi tatizo lipo. Tuseme mama ametoka 138 hadi 106. Hiyo 106 ikiandikwa peke yake kwenye faili haimshtui mtu. Ziandikwe zote mbili, pamoja na neno "amelala" na "amesimama".

Mapigo nayo yana habari. Yakiruka kutoka 76 hadi 100, mara nyingi mwili umepungukiwa maji au damu. Yakibaki karibu palepale huku presha imeporomoka, tazama mishipa ya fahamu, hasa kwa mwenye kisukari cha miaka mingi au Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka). Ila dawa za kupunguza mapigo ya moyo huficha dalili hiyo, kwa hiyo daktari aambiwe kama anazitumia.

Bibi yetu hajaanguka wala halalamiki kizunguzungu. Kuna haja ya kuhangaika? (Maweni, Malindi)

Ipo. Wazee wengi hawasemi "kizunguzungu". Husema miguu imekufa, au shingo na mabega yanauma wakisimama, au hujibu mambo yasiyoeleweka mpaka wakae. Kuanguka mara moja kwaweza kuvunja nyonga. Nyonga iliyovunjika ni upasuaji na wiki za kulala, na kulala kwenyewe kunazidisha presha kushuka. Akigonga kichwa, hata kidogo, na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, apelekwe kuchunguzwa siku hiyohiyo. Damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, kisha usingizi mzito na kuchanganyikiwa vije baada ya siku au hata wiki.

Tumwinueje, hasa usiku akitaka choo? (Mkomani, Lamu)

Usiku ndio wengi huanguka: giza, haraka, sakafu yenye maji. Kwanza, chupa ya mkojo iwe karibu, na hata mwanamume akojoe amekaa.

Akilazimika kuinuka, anyanyuliwe kichwa cha kitanda kwanza, akae hivyo dakika 2 au 3. Akiwa bado kitandani, akunje na kunyoosha nyayo mara 20, akaze mapaja, akunje ngumi na kufungua. Kisha ashushe miguu, akae ukingoni nyayo zikigusa sakafu, dakika nyingine 2. Muulize swali la kawaida, kama jina la aliyemtembelea jana. Akijibu sawasawa, asimame, ashike kitanda, akanyage palepale huku akihesabu hadi 30 kabla ya hatua ya kwanza. Wewe simama ubavuni, kiti kikiwa nyuma yake. Macho yakianza kiza, akae palepale, asijikaze kufika.

Babu anameza dawa za presha na ya tezi dume. Tuziache? (Barani, Malindi)

Msiziache kwa uamuzi wenu. Baadhi zikikatwa ghafla presha hupaa. Tieni vidonge vyote kwenye mfuko, pamoja na vya duka la dawa na vya miti shamba, mpelekee daktari. Zinazoshukiwa zaidi ni dawa za kukojosha kama furosemidi, za tezi dume kama tamsulosini na prazosini, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva. Mara nyingi hupunguzwa kipimo au kuhamishiwa usiku, si kuondolewa zote.

Maji, chumvi na mkaja vinasaidia? (Langoni, Lamu)

Glasi 2 za maji, karibu nusu lita, zikinywewa kwa dakika chache kabla ya kuinuka hupandisha presha ya wengi kwa takriban saa moja. Lakini mwenye moyo ulioshindwa kazi au figo mbovu asiongezewe maji wala chumvi bila daktari.

Mkaja, ndiyo, na tunaupenda kuliko soksi za kubana zinazoishia magotini, kwa kuwa damu nyingi hukaa tumboni na mapajani. Ufungwe angali amelala, ubane bila kuzuia pumzi, ufunguliwe akirudi kulala.

Akizimia?

Mlaze chini, inua miguu yake. Msimkalishe kitini, na msimtilie kitu kinywani. Asipozinduka ndani ya dakika moja, au akiwa na maumivu ya kifua, mdomo uliopinda, au choo cheusi kama lami, iteni msaada mara moja.

Ami karuhusiwa, chumba chake kiko ghorofani, ngazi za mawe. (Mkomani, Lamu)

Kwa wiki za mwanzo mhamishieni chini. Miguu ya upande wa kichwa cha kitanda iwekewe magogo ya sentimita 10 hadi 20. Mito hukunja shingo tu. Aoge maji ya uvuguvugu amekaa kwenye kigoda. Ale kidogo kidogo, kwani baada ya sinia la wali presha yaweza kushuka kwa muda unaofika saa mbili nzima, na huo si wakati wa kupanda ngazi. Aswali amekaa, dini imemruhusu mgonjwa. Akitaka kusimama kutoka sijda, akae kwanza, avute pumzi kadhaa, ndipo ainuke akishika ukuta.