Fundi Anajibu: fyuzi inayoungua kila siku, TV ya giza, sabufa na taa za dagaa

Shikamoo fundi. TV yangu inaunguza fyuzi kila nikiweka mpya. Jirani anasema niweke waya mwembamba tu mambo yaishe. (Mwanga, Kigoma mjini)

Marahaba. Waya usiweke, utaunguza bodi nzima na labda na pazia la sebuleni. Itoe fyuzi uitazame. Kama kioo kimeingia weusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, kuna shoti nzito kwenye bodi. Kama waya wake umekatika tu na kioo ni kisafi, jaribu fyuzi nyingine ya ampea zilezile, mara moja.

Kwa maelezo yako, hapo ni shoti. Chomoa TV ukutani, lakini usikimbilie kushika bodi. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, unafika kama volti 325, na kapasita kubwa ya kwenye bodi, ile kama kikopo inayohifadhi umeme, inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Kuna mafundi wanaoigusisha na bisibisi ili wasikie mlio. Sipendi kabisa: ncha ya bisibisi inaliwa, na njia za shaba kwenye bodi zinaweza kukatika. Chukua rezista, kidude cha kuzuia umeme usipite kwa kasi, ya kiloomu 2 ya wati 5, ishike kwa koleo lenye mpira, iguse miguu yote miwili ya kapasita sekunde chache, kisha pima kwa mita uhakikishe.

Sasa weka mita kwenye alama ya dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Anza na varista, kile kidude bapa cha mviringo karibu na fyuzi. Umeme ukirudi kwa kishindo ndicho kinachojitoa mhanga, na mara nyingi kinapasuka ukaona kwa macho. Fuata zile dayodi nne: nzima inasoma kama 0.5 upande mmoja, na ukigeuza waya haisomi kitu. Ikilia pande zote mbili, imekufa. Mwisho pima mosfeti, ile swichi ya umeme yenye miguu mitatu iliyofungwa kwenye bati la kupozea. Ikiwa na shoti, usiibadilishe peke yake. Angalia rezista ndogo ya chini ya omu 1 iliyo kwenye mguu wake uitwao sosi, pamoja na aisii (chipu) inayoiendesha, la sivyo mpya nayo italala siku hiyohiyo.

Kabla ya kurudisha umeme, funga glopu ya zamani ya wati 60, ile yenye waya ndani, kwa seriesi na TV, yaani umeme upite kwenye glopu kwanza ndipo uingie kwenye TV. Ikimulika mara moja ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado ipo, na hujapoteza spea yoyote.

Sauti ipo, picha hakuna. Fundi ameniambia kioo kimekufa ninunue TV nyingine. (Ujiji)

Usinunue kwanza. Usiku zima taa, washa TV, mulika tochi kwa mshazari karibu na kioo. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma au saketi inayoziwasha. Zile taa zimefungwa kwa seriesi, hivyo moja ikikatika mstari mzima unazima. Badilisha seti nzima, maana zilizobaki nazo zimechoka. Ikishapona, punguza mwanga wa taa za nyuma kwenye menyu. Kiwandani huwekwa juu ili TV ipendeze dukani.

Sabufa yangu inanguruma hata nikipunguza sauti hadi sifuri. (Gungu)

Kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Tafuta zilizovimba kichwani. Mngurumo unaopanda na kushuka na sauti ungenipeleka kwenye waya za kuingizia muziki, lakini wako hausogei. Angalia volti unaponunua: transfoma ya volti 12 ikishapita kwenye dayodi inatoa karibu volti 17, kwa hiyo kapasita ya volti 16 haifai hata kama muuzaji anaapa. Chukua ya volti 25, maikrofaradi zilezile, ya nyuzi 105. Mstari wa pembeni ni upande wa hasi. Ukigeuza, itapasuka.

Taa zetu za kuvulia dagaa zinafifia na betri tumechaji vizuri. (Katonga)

Poleni na kazi. Pima volti kwenye taa yenyewe ikiwa inawaka, si kwenye betri. Betri ikisoma 12.4 na taa ikasoma 10.8, volti 1.6 zimeishia njiani, na karibu kila mara ni kwenye maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa solotepu, yakaingia maji yakaota kijani. Kata hadi uikute shaba inayong'aa, ilehemu, vika mpira wa kusinyaa. Waya mrefu nao uwe mnene. Fanyeni hivyo siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, maana kulehemu juu ya maji usiku ni kutafuta kuungua vidole.