Safari ya mimea haipangwi kwa ratiba ya kilele

Msomaji ameuliza kama ratiba ya wapanda kilele inafaa kwa anayefuata maua ya mlimani. Haifai. Ile imepangwa kwa miguu, hii hupangwa kwa magoti: punguza umbali wa siku hadi nusu.

Watu wasizidi 8 kwa mwongozaji mmoja. Njia ni nyembamba, na wa mwisho akifika kwenye ua wenzake wameshaondoka.

Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo ua lililokwisha kunyauka bondeni huenda juu bado ni tumba. Msimu ukiwapita, pandeni. Mkifika kabla haujaanza, shukeni. Saa nayo ni muhimu. Lobelia deckenii ya Kilimanjaro hukinga maji kati ya majani yake yaliyojipanga kama bakuli. Usiku uso wa maji huganda, na barafu hiyo huwa kifuniko kinachokikinga kichipukizi kilicho chini. Alfajiri utaigusa barafu kwa kidole. Jua likishapanda, ni maji tu.

Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 yatosha. Ya 20 ina giza na haivumilii mkono unaotetemeka. Wengi huishika mbali kama wanaosoma gazeti. Ibandike jichoni, kisha sogea hadi ua liwe sentimita 2 na nusu hivi kutoka kwenye lenzi.

Picha ya ua kwa mbele pekee haitambulishi mmea. Piga pia ubavu wa ua, upande wa chini wa jani, shina linapoingia ardhini, na mmea mzima mahali pake. Weka rula, andika mwinuko palepale.

Kabla ya kupiga goti, tazama chini. Mimea iliyojibana kama mto wa kulalia hukua polepole mno; goti liende kwenye jiwe.

Ukivuka mita 3,000, kambi ya kulala isipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku 3 au 4 pumzikeni. Hapa safari za mimea zina mtego wake: mtu huinama na kuinuka kutwa, akipata kizunguzungu cha mwinuko anasingizia kuinama. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikifuata, asipande. Akianza kuyumba kama mlevi, mshusheni usiku huohuo, maua yatasubiri.

Na mwongozaji anayemchumia mgeni okidi ili apate bakshishi, mwacheni. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama pori, na mpakani atakayeulizwa kibali ni mgeni.