Binti, hudaiwi jibu na mtu

Msimu wa korosho ukiisha na hela za mnada zikaingia, Newala inakuwa mji wa shughuli. Harusi, jando, unyago, maturubai katikati ya barabara, spika mpaka alfajiri. Huo ndio wakati msichana wa miaka kumi na tano au kumi na sita anaulizwa kuliko wakati wowote: Una mchumba? Mbona hukai na wenzako? Mbona unapenda kunyoa kama kijana? Wengi wanacheka na kupita. Naandika kwa ajili ya yule ambaye maswali hayo yanamchoma, kwa sababu anahisi kwamba moyo wake hauelekei kwa wavulana, na hana wa kumwambia.

Nilikuwa binti huyo. Nimekulia Newala, mji ambao ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo, lakini ukinunua pedi dukani asubuhi, mchana shangazi yako ameshajua.

Sikuamka siku moja nikajua. Kidato cha pili wenzangu bwenini walikuwa wakisomeana barua za wavulana ndani ya neti, wanacheka mpaka matroni anagonga dirisha. Nilicheka nao bila kuelewa kinachochekesha. Ila kulikuwa na msichana mmoja wa mkondo mwingine ambaye zamu yake ya kudeki niliijua kuliko ya kwangu. Akiwa zamu, mimi nitapata tu sababu ya kupita pale na ndoo. Akinisalimia, siku imekuwa nzuri. Ikaishia hapo, na kwa umri ule ilitosha.

Kama haya yanakukuta, usikimbilie kujipa jina. Mtu wa kidato cha pili anaweza kumpenda rafiki yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe haielewi, na mwaka unaofuata imepoa. Mwingine haipoi. Kwa rafiki yangu mmoja ilipita, leo ana mume na watoto na tunasalimiana vizuri. Kwangu haikupita. Hakuna kati yetu aliyekuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, yaani kabla hata sijazaliwa, kwa hiyo anayekupeleka kuogeshwa dawa anatoa hela kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Wala mwonekano si ushahidi. Mimi nilicheza mpira mpaka UMISSETA, yaani mashindano ya shule za sekondari, na timu nzima tuliitwa majike dume. Karibu wote wameolewa, tena mmoja ameolewa na refa. Na ninawajua wanawake ambao hawajawahi kuvaa suruali wala kupiga mpira teke, na moyo wao ni kama wangu. Sasa wewe ukianza kufuga nywele ili mtaa utulie, utakuwa umefuga nywele tu.

Nilichezwa unyago baada ya mtihani wa darasa la saba. Najua wasomi wetu wana maneno mengi juu ya unyago, na mengine ni ya haki, hasa pale mtoto anapofundishwa mambo ya kitandani kabla hata hajajua kujifunga kitambaa sawasawa. Lakini sitaki kuusema kama mtu aliyeusikia redioni. Tulikaa ndani, mabinti kadhaa tunaochezwa, tumejitanda khanga, hatusemi na mtu ila kwa kupitia somo, yule mwanamke anayemwongoza binti unyagoni. Nyakanga wetu, mkuu wa unyago, alikuwa mama mwenye sauti ya kukwaruza, anayeweza kukusahihisha kwa kukohoa. Tulifundishwa kufua vitambaa vya hedhi na kuvianika pasipopita watu, kumpokea mkubwa mzigo, kukaa na kuinuka mbele za watu, na mengine ambayo hayaandikwi. Karibu kila wimbo uliishia kwa mume. Nikawa nahesabu mboni za khanga yangu, nikijiuliza wimbo wangu utaimbwa saa ngapi.

Haukuimbwa. Ila siku ya kutolewa tuliambiwa neno ambalo limenifaa kuliko yote: ya ndani yabaki ndani. Na katika hili watu wetu hawana mchezo. Bibi wa miaka themanini hatamwambia mwanawe wa kiume kilichofanyika kule, hata akibembelezwa vipi, na hakuna atakayesema bibi huyo ni mwongo. Anaheshimiwa kwa kunyamaza kwake. Nikajiuliza, kama mji mzima unaelewa kwamba mwanamke anaweza kuwa na jambo lake asilolitangaza, na akabaki mwaminifu na mwenye adabu zake, mbona mimi nijione mnafiki kwa kutomwambia kila anayeuliza? Tangu hapo swali la mchumba halikunitoa jasho tena. Nilijibu "bado nasoma, shangazi," na hilo lilikuwa kweli tupu.

Hapa panataka uangalifu, kwa hiyo soma polepole. Siri niliyoisema ni ile ambayo ni yako, unaishika wewe, na siku ukitaka kuifungua unaifungua. Ipo nyingine, ya mtu mzima anayekwambia "hili libaki kati yetu". Awe mwanamume au mwanamke, awe mwalimu, jirani, au yule dada wa mjini anayejifanya ndiye peke yake anayekuelewa. Huyo analinda lake, siyo lako. Siri ya namna hiyo itoe haraka, kwa mwalimu wa malezi, kwa ustawi wa jamii pale halmashauri, au piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Huna haja ya kueleza moyo wako unaelekea wapi ili usaidiwe.

Na wapo wanaume wanaoamini kwamba msichana wa namna hii "anarekebishwa" kwa nguvu. Huo ni ubakaji, hauna jina la pili. Likikukuta, au likimkuta mwenzako, fikeni hospitali mapema kadiri mnavyoweza, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 inatoka hukohuko polisi. Ukiulizwa kwa nini alikufanyia hivyo, mwenye kujibu swali hilo ni yeye.

Nisikufiche jingine. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu ina vifungu vikali juu ya mapenzi ya jinsia moja, na mtaa una adhabu zake ambazo hazikuandikwa popote. Vifungu hivyo vinahusu vitendo. Hisia hazina kifungu. Wewe bado ni mwanafunzi, na wala huna haraka ya uhusiano wowote, uwe na nani. Nilimpenda mtu nikiwa shule na sikumwambia, na nikavuka salama, nikafaulu.

Ndiyo maana nasema simu yako iwe nyepesi. Usiandike jina la mtu, usiandike moyo wako kwenye WhatsApp, usitume picha ambayo usingependa mjomba aione. Simu za mji mdogo zina wenyewe wengi. Mdogo wako anaiomba acheze gemu, shangazi anaiomba apige mara moja, na siku kioo kikipasuka unaipeleka kwa fundi simu pale stendi, unamwachia na namba ya siri, unaambiwa urudi jioni. Mpaka hiyo jioni vijana wote wa kibanda kile wameshatazama. Na daftari nalo bwenini linapekuliwa. Mimi nilikuwa naandika halafu nachana, nachoma na takataka siku ya usafi. Ilinipa nafuu ileile.

Kuhusu matusi. Neno msagaji niliitiwa kwenye foleni ya maji, mbele ya watu, na binti niliyekuwa nimemshinda mtihani. Sikugombana. Nilimuuliza, "Nani kakwambia?" kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza bei ya nyanya, nikasogeza ndoo yangu. Akakosa la kuongeza. Sisemi itakufaa kila mara, kuna siku utalia na kuna siku utatamani kurusha ndoo. Lakini mtaa wetu unapenda sana anayekana kwa kelele, kwa sababu hapo sinema inaendelea.

Uamuzi wa kumwambia mtu ukija, chagua mmoja tu, na kabla ya hapo msikilize kwa muda anavyowasema wasiokuwepo. Anayekuletea habari za ndani za mwenzako atapeleka na zako. Usianze na jambo lenyewe, anza na la pembeni.

Mimi nilianzia kwa somo yangu, tukiwa tunabangua korosho uani. Kazi ile inataka macho yote mkononi, maana ukikosea kugonga korosho inapasuka mbili na bei imeshuka, kwa hiyo hakuna anayekukazia macho unapoongea. Nikamuuliza:

"Somo, mtu asipotaka kuolewa inakuwaje?"

"Asipotaka leo, au asipotaka kabisa?"

"Kabisa."

Akagonga tatu, nne, akapuliza maganda. "Mdogo wake bibi yako hakuolewa. Alikuwa na mikorosho yake na nyumba ya bati kabla ya wenzake. Nani alimfanya nini?" Kisha akaongeza, "Wewe soma. Na mama yako usimwambie msimu huu, ana mambo mengi."

Hakuuliza sababu. Mpaka leo sijamtamkia, naye hajanitamkia, lakini kila shughuli ya ukoo ananikalisha karibu yake, na mwenye swali la ndoa anamjibu yeye.

Ile mikorosho aliyoitaja ifikirie vizuri. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na mwanamke kuwa na mali yake si kituko. Binti mwenye shahada au cheti, au hata miti yake kumi na kitambulisho cha chama cha msingi cha ushirika, anaulizwa maswali kwa adabu zaidi. Ndugu wakiona unasumbua, dawa wanayoijua wengi ni kukuozesha upesi, kwa hiyo jua ulipo kisheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi akafungua shauri, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Sikwambii ukamtajie mjomba namba za vifungu wakati wa kula. Mwambie mwalimu mkuu au ustawi wa jamii mapema, wao wazitaje. Mposaji mwenyewe akisikia miaka 30 huwa anakumbuka ana safari ya Masasi.

Kuhusu dini nitasema machache. Usiache kuswali, na kama ni mtu wa kanisa usiache kwenda. Nilikaa muda mrefu nikidhani sina haki ya kunyoosha mikono. Hakuna aliyenifukuza, nilijifukuza mwenyewe, na nilipata tabu bure.

Sasa naishi Mtwara mjini. Watu wanadhani ukishuka huku, au ukifika Dar, unakuwa huru. Mji mkubwa una nafasi zaidi, hilo kweli, lakini nimekutana na wasichana waliotoroka Tandahimba na Nachingwea wakaishia kulala kwa watu wasiowajua, na wale wanaojidai kukupokea si wote wana nia njema. Maliza shule kwanza, hata kama kila siku unaiona ndefu. Ukiondoka, ondoka na cheti na nauli ya kurudi.

Na ninyi mama zangu, mashangazi na masomo mnaosoma hapa kwa siri kupitia simu za watoto wenu, binti akija na swali la pembeni kama lile langu, msilipeleke kwa nyakanga, wala kwa ustadhi, wala kwenye kikoba. Endeleeni kubangua. Mwulizeni kama amekula. Mjomba atapigiwa simu kesho, au asipigiwe kabisa.