Reki kwanza, kutoboa baadaye

Ukitunza uwanja wa nyasi kwa trekta ndogo, anza na reki ya meno ya springi, inayokwangua mabaki ya nyasi zilizokufa, kisha ndiyo uvute mashine ya kutoboa udongo. Ukigeuza mpangilio, reki inarudisha takataka kwenye mashimo uliyotoka kuyafungua, na meno ya kutoboa yanapoteza nguvu kwenye lile tabaka la mabaki kabla hayajagusa udongo. Nasema hivi kwa sababu kazi yangu ni kutunza viwanja vya nyasi, na trekta ndogo ndiyo chombo changu.

Ila kata kwanza kipande cha nyasi kwa kisu uangalie ubavuni. Tabaka la kahawia kati ya majani na udongo likiwa chini ya sentimita 1, liache, lina faida yake. Likizidi hapo, reki. Likiwa nene na limesukana kama mkeka, reki ya kuvutwa itakwangua juu juu tu. Hapo inatakiwa mashine ya visu vya wima, inayolikata tabaka hilo.

Kwenye kutoboa, chagua meno yenye tundu, yale yanayong'oa vidonge vya udongo. Misumari isiyo na tundu inashindilia kuta za shimo, kazi bure. Mwagilia siku moja kabla, pakia tofali za zege juu ya mashine hadi meno yazame sentimita 5 hivi, na uinyanyue kabla ya kukata kona, la sivyo inachana nyasi. Vidonge viache hapo hapo, vitasagika vyenyewe. Yote haya nyasi zikiwa zinakua kwa kasi, si wakati wa ukame.