Mgeni wangu nitampeleka Karato

Swali la wiki: ukiambiwa umpeleke mgeni kwenye soko moja tu la samaki nchini Japani, utampeleka lipi? Najua wengi watataja Tokyo. Mimi nasema Karato, mjini Shimonoseki.

Tokyo siibezi. Mnada wa jodari ulihama soko la zamani la Tsukiji kwenda soko jipya la Toyosu Oktoba 2018, na Januari iliyofuata jodari mmoja wa kilo 278 akanadiwa pale kwa yeni milioni 333.6. Ila mgeni huutazama mnada akiwa juu, nyuma ya kioo, labda abahatike kwenye bahati nasibu ndipo asogezwe karibu. Harufu huipati, maji hayakurukii. Hiyo si ni televisheni tu?

Karato liko ncha ya magharibi ya kisiwa cha Honshu, ukingoni mwa mlangobahari wa Kanmon. Wenye mikahawa na mama wa nyumbani hununua pamoja, kwenye sakafu ile ile iliyolowa. Wikendi na sikukuu wauza samaki hupanga sushi mezani, kipande kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake. Unashika trei na koleo, unapita meza hadi meza ukijichagulia: jodari, ngisi, kamba, mayai ya samaki, hata nyangumi, maana huu ni mji wa wavuvi wa nyangumi tangu zamani. Ukishalipa unatoka nje, unakaa kando ya maji na kula huku meli za mizigo zikipita mbele yako.

Lakini mfalme wa hapa ni bunju. Ndiyo, bunju huyu huyu anayejivimbisha, ambaye watu wa pwani tunaonywa tangu utotoni tusimguse. Sumu yake hukaa zaidi kwenye maini na mayai, na hata umchemshe vipi haitoki. Kwa hiyo anayemtengeneza lazima awe na leseni, na mezani unamkuta ameshasafishwa. Nyama mbichi hukatwa nyembamba hata maua ya sahani yakaonekana chini yake. Miaka mingi kumla kulipigwa marufuku, mpaka Itō Hirobumi, waziri mkuu wa kwanza wa Japani, alipomwonja mjini humu. Mwaka 1888 mkoa wa Yamaguchi, ulimo mji huu, ukaruhusiwa kumla. Usipende kumla mbichi, kuna wa kukaanga na kuna supu yake.

Mnada wa bunju hufanyika soko jingine la mji huo huo, Haedomari. Dalali huvaa mkononi mfuko wa kitambaa cheusi. Mnunuzi hupenyeza mkono humo, akambana vidole kutaja bei, na jirani yake asijue ametaja ngapi. Anayepaza sauti ni dalali peke yake. Mtu aliyezoea Feri ya Dar es Salaam, soko ambalo lenyewe lilijengwa kwa msaada wa Japani, atadhani watu wamenuniana.

Fika kabla ya adhuhuri, vitamu huwahi kuisha. Beba pesa taslimu, na usibonyezebonyeze samaki usiyemnunua. Ukishashiba, fuata ufukwe kuelekea mashariki, kama nusu saa kwa miguu, utalikuta handaki la wapita njia chini ya bahari, urefu wake mita 780, linalotokea kisiwa cha Kyushu. Apitaye kwa miguu halipi kitu. Baiskeli hulipiwa yeni 20, na lazima uisukume.